Moniteri Aliyetufundisha Kusimama

Alizaliwa wapi na ni mtoto wa nani, sijui, na hata ningejua nisingeandika. Miaka ile swali la "wewe ni wa wapi" liliua watu wengi kwenye barabara ya Rumonge na Nyanza-Lac, kusini mwa Burundi, na yeye alilikwepa vizuri kuliko alivyokwepa mashimo. Ukimwuliza ametoka wapi, anasema ametoka kula. Ukimwuliza tena, anasema anakwenda kula. Kiswahili chake hakikumsaliti: leo kilikuwa cha Uvira, kesho cha Kigoma, na akikasirika kinageuka Kirundi kitupu cha sokoni. Alifundisha watu kuendesha pikipiki, kwa hiyo tulimwita Moniteri, na jina hilo lilimtosha.

Nilimjua kwa miaka, na karibu miaka yote hiyo nilikuwa na hasira naye. Bado ninayo.

Alivaa koti la ngozi katikati ya joto la Rumonge. Koti jeusi, zito, limeshonwa viwikoni kwa kamba ya nyavu, na chini yake shati ambalo halikuwa linafuliwa inavyopasa. Pikipiki yake ilioshwa kila siku ziwani, ikapanguswa mpaka kwenye nyaya za magurudumu. Shati lilisubiri. Mikononi alivaa glovu za mafundi wa kulehemu, na kichwani kaske, ile kofia ngumu ambayo wengine tuliivalisha tenki la mafuta au kuitumia kubebea mayai. Wanawake wanaouza ndagala, dagaa wa ziwani, sokoni walimwambia, Moniteri, wewe unajipika mwenyewe, tungoje kidogo tukule. Aliwajibu kwamba ngozi ya ng'ombe ikichunika, sokoni ziko nyingine, ya kwake hakuna anayeiuza.

Kwa mashine alikuwa mpole kama muuguzi. Kwa watu hapana. Mwanafunzi akiachia klachi vibaya, anaiomba radhi pikipiki kwanza, anaipapasa tenki, halafu ndiyo anamgeukia mtu na kumtukana. Kuna mwalimu mmoja wa shule, mtu mzima na tumbo lake, aliambiwa mbele yetu kwamba anaendesha kama anayewahisha maiti, wakati maiti ndiyo abiria pekee asiye na haraka. Mwalimu hakurudi tena. Moniteri alisema afadhali apande baiskeli, atawaua wachache.

Halafu alikuwa mwoga. Sisemi kumsingizia, mwenyewe alisema hadharani. Mlio wa bunduki ukisikika milimani, yeye ndiye wa kwanza mtaroni, kabla ya vikongwe na wajawazito, na hakumvuta mtu mkono. Asubuhi moja gurudumu la lori lilipasuka karibu na soko. Watu walishtuka, wakaangaliana, wakacheka. Moniteri alikuwa tayari chini ya meza ya muuza ndizi, kaske kichwani, magoti kifuani. Wanawake walimcheka mpaka wakashika viuno. Alitoka, akajikung'uta, akanunua ndizi ili isiwe bure.

"Mimi ni mwoga, mama zangu," alisema akimenya. "Niambieni mashujaa wako wapi, niende niwasalimie."

Kila mmoja wao alijua mashujaa wako wapi.

Na mimi wa kwangu alikuwa huko, ingawa hakuwa shujaa. Mume wangu alikuwa anachukua ndagala kwa pikipiki na kuzipeleka kwa wanunuzi wa Nyanza-Lac. Ni yeye aliyenifundisha kuendesha, kabla ya harusi, kwenye njia ya michikichi, akikimbia kando yangu bila viatu. Binti yetu Divine alipokuwa mchanga, mimi nilishikwa na malaria na maziwa yangu yakakatika. Akaenda kutafuta maziwa ya kopo. Alipokuwa anarudi, kwenye bariyeri, kizuizi cha wanajeshi kusini ya mji, walimpiga risasi. Walisema amekuja kwa kasi, amevunja kamba, na ameinama kuchukua bomu. Nilipewa mwili. Pikipiki sikupewa, wala kopo sikupewa. Chefu wa zoni, mkubwa wa serikali wa eneo letu, akatangaza mbele ya watu kwamba aliyekufa alikuwa muasi. Kuanzia siku hiyo mimi nilikuwa mke wa muasi na binti yangu mtoto wa muasi, na katika mji ule, wakati ule, jina kama hilo halikuwa tusi tu. Lilikuwa sababu. Mtu akiitaka nyumba yako, au akikutaka wewe, sababu anayo.

Habari ya maziwa sikumwambia mtu. Mama yangu peke yake ndiye alijua. Hakuna aliyeniuliza mume wangu alikuwa amebeba nini, walishajua wao. Nami niliona nikisema "kopo", watasema si ndilo hilo bomu.

Nilikuwa nafanya kazi dispensari. Tuliposikia kuna mradi utakaotupatia pikipiki za kupeleka chanjo kwenye kambi za wakimbizi huko juu na kando ya ziwa, nilisema mimi naweza. Waliobeba chanjo kabla yetu walikuwa wameanguka sana, mmoja kavunjika nyonga, pikipiki nyingine imeishia kwenye mto. Kwa hiyo mradi ukatoa amri: hakuna anayegusa ufunguo mpaka afundishwe upya na Moniteri na Moniteri aseme amefaulu. Hata kama una leseni. Hata kama unaendesha tangu utoto. Bila pikipiki hakuna kazi, na bila kazi Divine hali. Mkuu wa dispensari alikuwa amenibakiza kazini huku watu wakimnong'oneza kila siku. Nilijua nikishindwa hapo hatakuwa na la kuwajibu.

Tulikutana kwenye uwanja wa mpira nyuma ya parokia. Tulikuwa wachache, na mwanamke nilikuwa mimi. Mwenzangu wa dispensari, Désiré, kijana wa maneno mengi, alikuja na miwani ya jua. Moniteri alitutazama, akazima pikipiki zote, akachukua funguo, akazitia mfukoni mwa koti.

"Sukumeni," alisema.

Tukasukuma. Tukazunguka uwanja tunasukuma pikipiki baridi, jua linatupiga, watoto wamekaa ukutani wanahesabu nani atakufa kwanza. Kesho yake, sukumeni. Kesho yake tena. Kwa mkono wa kushoto, kwa mkono wa kulia, kwenye mchanga, kwenye majani, polepole, bila kuinama, macho mbele, kaske imetundikwa kwenye kiwiko. Désiré aliuliza kama tunafundishwa kuendesha au kuchunga ng'ombe. Mimi sikuona kichekesho. Nilimfuata, nikamwambia, Moniteri, mimi najua kuendesha.

"Kuendesha unajua, Mama Divine. Nimekuona. Kusimama ndiyo hujui."

Nilitaka kumpiga na kaske. Nani asiyejua kusimama? Unakanyaga breki, unasimama.

Alipoturudishia funguo, alifungua namna yake nyingine ya kutesa. Nyuma ya kila pikipiki alifunga ungo wenye ndagala kavu, wazi, bila kifuniko. Ukianza kwa pupa, zinamwagika. Ukipinda kwa woga, zinamwagika. Ukifunga breki ghafla, zinakupita kichwani. Kuku wa parokia walijua saa za darasa kuliko sisi, walitusubiri pembeni wamepanga mstari, na Désiré aliwanenepesha peke yake. Mimi nilikuwa wa kwanza kuzunguka uwanja bila kumwaga hata moja. Moniteri aliangalia ungo, akasema kuku leo wamelala njaa kwa sababu yangu. Hiyo ndiyo sifa pekee aliyowahi kunipa.

Mbuzi aliwaogopa kuliko wanajeshi. Mwanajeshi ana kamanda, alisema, mbuzi hana. Ukiona mbuzi mmoja amevuka, mwingine yuko nyuma, na huyo wa nyuma ndiye atakayekuzika. Tulicheka, lakini mpaka leo nikiona mbuzi kavuka mkono wangu unaachia gesi wenyewe. Hivyo ndivyo alivyofundisha. Aliingiza kitu mwilini mwako kwa mzaha au kwa tusi, na kikakaa.

Na macho. Hilo alilirudia mpaka tukalichukia. Pikipiki inakwenda yanakokwenda macho. Ukiangalia shimo, unaingia shimoni. Usiangalie unachokiogopa, angalia mahali unapotaka kupita.

Asubuhi moja alitupeleka barabarani, baada ya wanajeshi kuifungua. Siku hizo barabara ilikuwa inafungwa alasiri na kufunguliwa asubuhi kama duka, na kilichotokea kati ya hapo ndicho unachokikuta kimelala kando. Tulikikuta. Mtu, karibu na michikichi, amefunikwa na jani moja la mgomba ambalo halikutosha. Tuliangalia wote. Nani asingeangalia? Pikipiki ya Désiré ikaanza kuhama taratibu kuelekea kwake, kama inavutwa, mpaka gurudumu la mbele likatoka kwenye lami na akabaki amesimama hatua chache kutoka kwenye ile miguu.

Moniteri alirudi. Alimshika Désiré begani, kwa mara ya kwanza bila kutukana.

"Umeona? Macho yamekupeleka kwake. Sasa yaondoe."

Mimi nilikuwa namwangalia Moniteri. Alikuwa amepita pale kwanza, na alikuwa amerudi pale, na shingo yake haikugeuka hata kidogo. Aliiweka mbele kama imefungwa ubao. Nikafikiri, huyu mzee amejizoeza. Nilimwonea wivu kidogo, nasema ukweli. Mimi kila nikifumba macho ninaona.

Kulikuwa na kitu kingine sikukielewa. Mama yangu alikuwa anamleta Divine uwanjani nimnyonyeshe, maana maziwa yalikuwa yamerudi. Wanaume wengine wangeguna. Moniteri alisimamisha darasa zima, injini zote kimya, mpaka mtoto ashibe, na mtu akinung'unika anamwambia aende akanyonye naye kwa mama yake. Lakini Divine mwenyewe, Moniteri hakumtazama kamwe. Kila mtu alimchezesha yule mtoto, hata padri. Yeye aligeuka, akachuchumaa kwenye pikipiki yake, akasafisha mnyororo ambao alikuwa ameusafisha asubuhi. Mama yangu alisema labda amewahi kufiwa na mtoto. Mimi nilisema labda hapendi kelele.

Kisha tukafika kwenye somo la mafuta.

Mtu yeyote wa Rumonge anajua mawese yanavyofanya barabara. Malori yanabeba madebe na mapipa, mapipa yanavuja, na mahali lori linaposimama sana ndipo panapokuwa peusi, panang'aa, hata vumbi halishiki. Na malori yanasimama wapi sana kuliko pote? Mbele ya bariyeri. Yanapanga foleni pale kungoja kupekuliwa, yanadondosha, jua linachemsha. Sote tulikuwa tunapita pale kila siku na hakuna aliyewahi kuunganisha hayo mawili.

Alitupeleka kwenye kipande cha lami nyuma ya kiwanda kidogo cha kukamua mawese. Alikuwa ameomba mashapo ya mapipa, ule uchafu mzito unaobaki chini, akaumwaga na kuusambaza kwa fagio. Mbele yake akafunga kamba ya katani kutoka mti hadi mti, akatundika vitambaa vyekundu. Akasimama nyuma ya kamba, akashika mpini wa jembe kama bunduki.

"Mimi ni mwanajeshi," alisema. "Nimelala vibaya, jana nimezika mwenzangu. Njooni, na mniheshimu."

Tukaelewa kumheshimu ni kusimama upesi. Ndivyo tulivyolelewa na vita: ukiona kamba, funga breki mara moja waone unatii. Désiré akaenda wa kwanza. Alipoona kamba akakanyaga kwa nguvu, kwa adabu yake yote. Pikipiki ikalala kama ng'ombe aliyechoka, ikateleza naye mpaka chini ya kamba, hadi kwenye buti za Moniteri. Tulicheka. Miwani yake ilikuwa imevunjika.

Moniteri hakucheka. Alimwekea ule mpini kifuani.

"Umekufa. Na wakishakuua watasema umewashambulia, kwa sababu wao wameona mtu anakuja na hasimami. Hawaoni mafuta. Wewe umefunga breki ili kuwatii, wao wameona unawarukia."

Mume wangu naye walisema amevunja kamba.

Akatufundisha inavyotakiwa. Ukiona kamba, au hata ukihisi iko mbele, toka kwenye lami mapema. Nenda kwenye mchanga wa pembeni, punguza hapo, zima injini ukiwa mbali. Vua kaske waone uso, itundike kwenye kiwiko. Shuka. Sukuma. Mtu anayesukuma pikipiki hamtishi mtu. Ni mnyonge, mashine imemharibikia, wanamcheka. Wacha wacheke.

Nikaelewa zile siku zote za uwanjani. Na ningemshukuru, ningeenda zangu, kama asingeendelea. Lakini aliendelea, na sauti yake ilikuwa imebadilika, na hakuwa anatuangalia sisi.

"Na ukianguka, acha mzigo. Mtu akianguka mkono unakwenda kwenye mzigo, wenyewe, kabla hajajua kama amevunjika. Ukiinama kuushika wanaona unachukua silaha. Uache. Hata kama ni kopo la maziwa ya mtoto."

Hakuna mwingine aliyesikia kitu. Désiré alikuwa anatafuta kioo cha miwani.

Niliacha pikipiki ikaanguka. Nilimfuata mpaka nyuma ya mapipa, nikamwuliza amejuaje ni maziwa. Akasema ametoa mfano tu. Nikamwambia mfano wa watu ni unga, ni chumvi, ni sabuni, amejuaje ni maziwa. Alianza kuvua glovu, kidole kimoja kimoja.

"Nilikuwa kwenye foleni," alisema. "Nyuma ya lori. Nilimwona anateleza."

Hakukuwa na haja ya kumaliza lakini alimaliza. Mume wangu aliinuka kwa magoti, mkono mmoja juu, akasema kitu ambacho hakikusikika kwa sababu ya injini ya lori. Kopo lilikuwa linabingirika. Akalifuata kwa mkono. Basi. Moniteri alikuwa karibu kiasi cha kuweza kupaza sauti, kusema ni mafuta, ameteleza. Hakupaza. Waliokusanywa baadaye na kuulizwa waliona nini, wote walisema wameona alivyosema kamanda. Na yeye pia.

Nilimwambia twende kwa chefu wa zoni. Sasa hivi, na mafuta haya viatuni. Aseme aliyoyasema, mara moja, mume wangu atolewe kwenye uasi, mtoto wangu aweze kutembea bila jina hilo.

"Nikisema nilikuwepo, Mama Divine, wataniuliza nilikuwa natoka wapi."

"Na wewe unatoka wapi?"

Akavua glovu ya pili. Nilimtemea mate kwenye buti zile alizozipenda. Aliangalia mate, akaniambia mtihani ni kesho na nisichelewe.

Watu wameniuliza kwa nini nilikwenda. Nilikwenda kwa sababu Divine anakula. Nilifanya mtihani wake nikiwa simwangalii usoni, nilipita kwenye mashapo yake, nilisukuma mbele ya kamba yake, ndagala zake hazikumwagika. Alisema nimefaulu. Sikusema murakoze, sikusema asante.

Na somo lake lilifanya kazi, hilo nalo linaniudhi. Nilikuwa narudi kutoka kambini na sanduku la chanjo mgongoni, nikatoka kwenye kona, na kamba iko mbele yangu mahali ambapo asubuhi hapakuwa na kamba. Lori la mapipa limesimama. Lami nyeusi, inang'aa. Mguu wangu ulitaka breki. Mwili wangu wote ulitaka breki. Nikaenda mchangani, nikazima, nikavua kaske, nikashuka, nikasukuma. Kijana mmoja wa jeshi, macho mekundu, akacheka akaniuliza, mama, punda wako amekufa? Nikamwambia amekufa, mwanangu, nisaidie kumzika. Wakacheka wote, wakafungua kamba. Nilipofika nyumbani nilimshika Divine nikalia kwa hasira, kwa sababu nilikuwa hai kwa kifo cha baba yake, na aliyetengeneza somo kutoka kwenye kifo hicho alikuwa sokoni anakula ndizi.

Niligundua baadaye kwamba masomo yake yote yalikuwa hivyo. Ungo wa ndagala ulikuwa na mtu wake. Mbuzi wa pili alikuwa na mtu wake. Kila alipomwona mtu akifa barabarani alinyamaza, akaenda nyumbani, akabuni zoezi. Wengine wanamsifu kwa hilo. Désiré anamsifu, anasema wangapi tuko hai kwa sababu ya yule mzee. Ni kweli. Lakini mimi sikuhitaji zoezi. Nilihitaji sentensi moja mbele ya chefu wa zoni.

Miaka ikapita, vita havikupita. Divine akaanza shule. Siku moja alirudi na sare imechanika begani, akaniuliza muasi ni nini, na kama ni kweli baba yake alirusha bomu. Nilimwambia hapana. Akaniuliza nimejuaje. Akaniuliza kama nilikuwepo. Nikasema sikuwepo. Akanitazama jinsi mtoto anavyotazama mtu mzima anayesema uongo.

Juma lile lile Désiré akaniambia Moniteri anahama. Ameuza pikipiki, ameuza hata koti, yuko Kabonga anangoja mtumbwi wa kuvuka kwenda Tanzania na wakimbizi wengine. Asubuhi barabara ilipofunguliwa nilimpandisha Divine nyuma yangu, nikamvalisha kaske yangu iliyomfika mabegani, nikamfunga kwangu kwa kitenge. Kila bariyeri nilitoka kwenye lami, nikazima, nikamshusha, nikasukuma naye akisukuma kwa nyuma. Wanajeshi walituona tuna adabu.

Tulimkuta ufukweni Kabonga, kati ya nyavu na vifurushi vya watu. Bila koti alikuwa mdogo. Mifupa ya mabega ilimtokeza kwenye shati, na shati safari hii lilikuwa limefuliwa. Aliposikia injini aligeuka kabla ya wengine, akasikiliza jinsi ninavyopunguza gia, nikajua amenitambua kwa hilo. Mtumbwi ulikuwa tayari, watu wanaingia, mwenye mtumbwi anawahimiza kwa sababu ya doria.

Nilishika mkanda wa begi lake. Nikamwambia habari ya shule. Alinisikiliza, akainamisha kichwa.

"Mwambie mutoto kwamba baba yake..."

"Hapana. Mwambie wewe. Mimi sikuwepo."

Mwenye mtumbwi alimwita, mzee, panda. Hakupanda, nilikuwa nimeshika. Basi akachuchumaa kwenye changarawe, kwa shida, magoti yakalia. Na akamwangalia Divine usoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akamwambia. Alimwambia vizuri, hilo siwezi kumnyima. Hakumdanganya wala hakumpamba baba yake. Alisema barabara ilikuwa na mafuta. Alisema baba yako alifunga breki ili awatii wanajeshi, akateleza, hakumshambulia mtu. Alisema mkononi hakuwa na bomu, alikuwa anafuata maziwa yako.

Divine alikuwa amesimama wima, kaske mikononi.

"Ulimwona kwa macho yako, babu?"

"Nilimwona."

"Kwa nini hukuwaambia?"

"Niliogopa."

Watu walikuwa wanatupita, mwanamke mmoja na godoro kichwani alitukanyaga.

"Bado unaogopa?"

"Sana," alisema Moniteri.

Mwenye mtumbwi alikuwa ameshawasha mota. Moniteri aliinuka, akavuta begi lake, na mimi nikalivuta kwangu. Nilikuwa nataka arudi Rumonge. Nilikuwa nataka nimfunge kwa kitenge nyuma ya pikipiki nimpeleke mpaka mlangoni kwa chefu wa zoni, mpaka mlangoni mwa shule. Nilikuwa na nguvu kuliko yeye, na alijua, alisimama tu amenyoosha mkono kama mtu anayeomba.

Divine alinigusa kiwiko.

"Mama, mimi nimeshasikia," alisema. "Muachie aende."

Nikaachia.